Maziwa ya Mama Karimu

Nyumba yetu hapa mtaani Buyenzi ina desturi yake: mtoto wa kike hanyonyi titi la mama yake. Bibi na dada zake wawili waliliwa na kansa, wawili ya titi, mmoja ya kifuko cha mayai ya uzazi, wazee wakakata shauri kwamba ugonjwa unapita kwenye maziwa. Basi mimi, Asiya, nilinyonyeshwa na jirani, mama yake Karimu.

Ndiyo sababu Karimu hakunioa. Alinitaka, nami nilimtaka, wallahi, mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Lakini walionyonya titi moja ni ndugu, kuoana ni haramu, na dini haina mchezo. Akaoa kwingine. Mimi nikabaki nikijipoza: mume nimemkosa, lakini uhai ninao.

Vita vimetuchosha mpaka mabomu ya mtaa wa Kinama hayatushtui tena. Katikati ya uchovu huo nikapapasa uvimbe titini. Karimu, kaka yangu huyo, akanipeleka hospitali kwa gari ya garaji yake. Askari walitusimamisha kila kizuizi, hata kujibu naenda wapi nikachoka.

“Maziwa?” Daktari Jovithe alishangaa nilipobisha kwamba sikunyonya kwa mama, hiyo kansa nimeipata wapi. “Apana, mama. Iko mu mbegu, ya baba ao ya mama. Kuna kitu kinapanga mutoto tumboni, kinasema hapa titi, hapa mukono. Kikiharibika, labda ndicho kinaamusha kansa ukubwani. Wangali wanachunguza. Lakini maziwa haina kosa.”

Haina kosa! Nilipandwa na hasira, halafu hasira yenyewe ikanichosha. Karimu alisimama nyuma yangu na mkoba wangu mkononi. Alisikia yote. Akawasha gari, tukarudi nyumbani.

Tukamkuta mdogo wangu Amira, aliyejifungua juzi, amemfunika binti yake Houda tayari kumpeleka kwa jirani anayemnyonyesha mwanawe Hamimu. Kitenge kimelowa maziwa kifuani, machozi yanamtoka.

“Keti,” nikamwambia. “Mupe titi.”

“Na ugonjwa, dada?”

“Kama anao, amekuja nao toka tumboni. Daktari kasema.”

“Na wazee?”

“Wazee waje kwangu.”

Akasita, kisha akafungua kitenge. Houda akanyonya kwa pupa, mlafi huyo.

“Lakini we dada, tutagombana na wazee bure. Maziwa ya jirani nayo haina ubaya.”

Karimu alikuwa mlangoni, mkoba wangu bado mkononi.

“Haina,” nikasema. “Ila sitaki Hamimu awe kaka yake.”