Mkono Aliouficha Seremala

Tangu msumeno wa mashine umkate vidole vinne, mwanangu seremala alikuwa akilala kaugeukia ukuta. Mkewe akaamini kuna mwanamke mwingine, akaanza kupanga nguo zake kwenye begi.

"Mama, kwani mimi gogo? Hanigusi! Muulize huyo mwenzangu ni nani."

Tukaongozana hadi karakana. Nikatangulia kuingia, nikamkuta mwanangu ameukalia ubao ambao haujapigwa randa.

"Baba, mkeo anaondoka. Una mwingine?"

"Nani atanitaka, mama? Nimpapase mtu kwa kisiki hiki?"

Mkewe akaingia, akaushika mkono ule taratibu. Mwanangu akauchomoa, akauficha kwapani.

"Hata huo unaninyima," mkwe wangu akasema, akaenda kulichukua begi lake.