Ukwaju na Rangi ya Kijani

Siku moja kabla ya Idi, mwaka 1967, Mahbuba alitoka uani akakuta kigari chake cha kuchezea kimelala mkekani juani katikati ya mabuli ya kahawa, kimeambuliwa rangi yote.

"Nimekusafishia, mwanangu!" Bi Hind, mke wa ami yake na mwenye nyumba, alikuwa ameinamia beseni la maji ya ukwaju, mkononi kashika nyuzi za mtende zenye mchanga. Kila Idi alisugua shaba zote za nyumba mpaka mtu aone uso wake. "Kilikuwa kichakavu, kinatia aibu. Tazama kinavyong'ara."

Kigari hicho cha chuma, kisichozidi kidole cha shahada, ndicho kilichomwanzisha kukusanya vigari. Alikiona sokoni Matrah, huku Omani, ndani ya kasha la vitu vikuukuu vya Wazungu waliohama, akapita mara tatu kwa haya kabla hajathubutu kuuliza bei. Kilikuwa cha kijani, kimechubuka ubavuni. Baba yake, Mzee Marhoon, alikuwa hasemi ila salamu tangu walipotoka Unguja miaka mitatu nyuma. Alipowekewa kile kigari mkononi, alikipapasa kwa ukucha.

"Gari langu lilichubuka papa hapa," akasema. "Nililigonga ukutani Malindi ya Unguja, siku uliyozaliwa wewe."

Jioni ile alizungumza mpaka isha. Basi Mahbuba akanunua vyengine viwili, na kila kimoja kikamfungua mzee ulimi.

Sasa alama ile imekwenda na maji.

"Nani aliyekwambia ukiguse?" Sauti ilimtoka, yeye ambaye hata maji ya kunywa huomba kwa kunong'ona.

"Ala! Mwanamke mzima, umesoma chuo, unanijia juu kwa kidude cha watoto? Na hapa nnakulisheni!"

"Unatulisha, ahsante. Lakini hukuniuliza! Uchakavu ule ndio nilioununua. Kamsugue na baba basi, naye ana makunyanzi!"

Nyumba ya pili, mchi ukanyamaza kinuni.

Mzee Marhoon akatokea mlangoni. Akakiokota kigari, akatia ukucha pale pale. Ukucha ukateleza. Akakirudisha mkekani, akaingia ndani.

"Sikujua, shemeji," Bi Hind akamwita. Mlango wa chumba ukafungwa.

Mahbuba akatumbukiza mikono kwenye beseni mpaka viwikoni, akavitoa vile viwili vilivyobaki, akavifuta kwa kanga yake. Rangi bado ilikuwapo.

"Na hiki?" Bi Hind akauliza kwa sauti ndogo.

"Kaa nacho. Kipange na mabuli yako."

Chumbani akamtia baba yake kimoja, kile chekundu, kiganjani, kingali na unyevu.

"Gari kama hili lilikuwa la nani, baba?"

Mzee akakigeuza kiganjani.

"La nani?" akauliza tena, kwa ukali ambao hakupata kumsemeza nao maishani.

"La Ghanim, jirani yetu wa Malindi," mzee akasema, akatazama mlango uliofungwa. "Halikuwa na breki."