Oti za Asubuhi ya Sikukuu

Jioni ya kuamkia sikukuu, Nesi alimletea baba yake chakula cha siku tatu kwenye vibakuli vya plastiki, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye jina la siku yake. Akavipanga kwenye friji, akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu wowote, kisha akalitoa jambo alilokuwa amelibeba moyoni wiki nzima.

"Baba, mwezi ukiisha unahamia kwangu. Chumba nimeshakipaka rangi. Mwenye nyumba nitamwandikia, ajue unaondoka."

Baba yake aliusukuma mlango wa friji ukafunga. Jengo zima lilimwita Fundi, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti, ikiwemo ile iliyowapandisha majirani zake mpaka ghorofa ya nne kila siku. Miezi saba iliyopita kiharusi kilimwangusha bafuni. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi karibu wote, lakini mkono wa kulia, ule uliozoea kushika spana, ulibaki unaning'inia kama mkono wa koti.

Hata hivyo aliendelea kuishi peke yake na kujipikia, mpaka siku aliyobandika maharage jikoni, akakaa kitini kidogo tu, usingizi ukampitia. Mshonaji, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyesikia harufu ya moshi akaugonga mlango hadi ngumi zikamuuma. Jioni hiyohiyo Nesi alikuja, akaving'oa vishikio vyote vya kuwashia jiko, vya juu na vya oveni, akavitia kwenye mkoba wake. Hakuvirudisha tena.

"Umenisikia, baba?"

"Nimekusikia. Kesho njooni mnywe chai kwangu, wewe na mdogo wako. Saa mbili kamili."

"Chai na nini?"

"Oti za mama yenu."

Nesi aliacha kufuta meza. Mama yao alikuwa akioka oti asubuhi ya sikukuu tu, mara moja kwa mwaka: nafaka ileile ya kupikia uji, lakini iliyochanganywa na mayai, maziwa, zabibu kavu na viungo, ikatiwa kwenye oveni mpaka ikashikana kama keki. Tangu afariki, miaka mitatu sasa, hakuna aliyeigusa. Sikukuu zilizofuata walikula mkate wa dukani nyumbani kwa Nesi, kila mmoja akijitahidi kuchangamka.

"Utapikaje?" aliuliza.

"Kwa mkono."

"Mkono gani, baba?" Lilimtoka kwa ukali kuliko alivyokusudia, naye akainamisha macho.

"Huu ulio mzima," alisema Fundi, akamfungulia mlango.

Nesi aliondoka akiamini ni maneno tu ya mzee aliyekasirika. Hakujua kwamba Mshonaji alikwishaleta kila kitu siku mbili kabla, kwa orodha iliyoandikwa na mkono wa kushoto kwa herufi zilizolala kama watu waliochoka. Mshonaji mwenyewe aliisoma mara tatu kabla hajagundua kwamba neno alilodhani ni "karanga" lilikuwa "karafuu".

Fundi aliamka mapema, kabla jua halijafika kwenye dirisha la jikoni. Alivaa ovaroli yake ya kazi, ile ya bluu iliyopauka magotini. Kuifunga vifungo kulimchukua robo saa, lakini aliifunga yote.

Kwanza alifunga jiliwa pembeni mwa meza, kile kibano kizito cha chuma ambacho zamani kilimshikia vipuri vya lifti. Akakibana ndani yake kikwaruzo cha jikoni, kikasimama imara kuliko ambavyo kingesimama mkononi mwa mtu yeyote mwenye mikono miwili. Akachukua kungumanga akaikwaruza taratibu, unga wake ukadondokea sahanini. Iliki aliziponda kwa kitako cha chupa. Karafuu tano alizisaga kwenye kinu kidogo alichokibana katikati ya mapaja yake. Hii ilikuwa kazi yake tangu zamani: miaka yote ya ndoa mkewe alichanganya, yeye akasaga, amekaa kwenye kigoda hukohuko, akiambiwa kila mara kwamba anamwaga. Hakuna aliyewahi kuyaandika mapishi yale. Yalikuwa kichwani mwake bila yeye kujua, kama njia ya kwenda kazini.

Bakuli lilimsumbua. Kila alipokoroga lilizunguka likimkimbia. Alilitazama kwa dakika nzima, kisha akavuta droo ya vijiko nusu, akalitumbukiza humo na kuisukuma droo kwa nyonga mpaka ikalibana. Likatulia.

Yai la kwanza liliishia sakafuni. La pili lilipasukia bakulini na maganda yake, akayaokota kipande kimoja kimoja, akimtukana kuku kwa sauti. La tatu na la nne yalipasuka vizuri, na akayatazama yalivyokaa, viini viwili vizima, akajikuta anacheka peke yake. Akatia maziwa, siagi aliyoiyeyusha kwa kuiweka kwenye maji ya moto ya birika la umeme, sukari nyekundu, chumvi kidogo, mdalasini vijiko viwili. Mkewe alitia kimoja. Yeye siku zote alitaka viwili, na sasa hapakuwa na wa kumkataza.

Mwisho akamimina oti, zabibu kavu na vile viungo, akakoroga, akauhamishia mchanganyiko kwenye bakuli la kioo. Ikabaki oveni. Pale palipokuwa na kishikio kulikuwa na kijiti kifupi cha chuma tu. Fundi alikikamata kwa koleo akakizungusha. Hakuwa na namba za kumwambia joto, lakini alikuwa na masikio. Aliegemeza kichwa karibu na bati akasikiliza: ndani kulikuwa na kidude kinachokata umeme joto likifika, na kilipokata kilitoa mlio mdogo, tik. Alihesabu muda kati ya mlio na mlio, akakizungusha tena kiasi cha unywele mmoja. Lifti zilimfundisha kusikia vitu vidogo kuliko hivyo. Halafu alilisukuma bakuli ndani, akaweka saa ya mezani ilie baada ya dakika arobaini, na kiti akakisukuma mbali, nje ya jikoni kabisa. Alisimama muda wote.

Saa moja na robo ufunguo uliingia kwenye kitasa. Mlango ulifunguka inchi tatu, mnyororo ukauzuia.

"Baba," sauti ya Nesi ilisema. "Toa mnyororo."

"Nimesema saa mbili."

"Mlango mzima unanukia. Umewashaje jiko?"

"Kwa koleo."

Kisha akasikika Kitinda, binti mdogo, mwalimu wa chekechea, akijitahidi kuziba kicheko.

"Usicheke," Nesi alimwambia. "Baba, naomba unifungulie. Siku ile ungekufa. Mimi nawaona watu wa namna hiyo kazini kila wiki, wanaletwa wameungua. Wewe huwaoni."

Fundi alisogea mpaka kwenye upenyo. Alimwona binti yake nusu uso, jicho moja jekundu.

"Ni kweli," alisema. "Siku ile nililala, nilikosa, na sikukwambia nimekosa. Leo nakwambia. Lakini mwanangu, mtu akikosa mara moja hafungwi maisha. Wewe ni nesi. Hujawa askari jela wangu."

"Sijasema—"

"Umeniandikia majina ya siku kwenye vibakuli. Najua leo ni siku gani. Leo ni sikukuu, na kuna dakika ishirini zimebaki. Kaeni kwenye ngazi."

Wakakaa kwenye ngazi. Mshonaji alitoka kwake kuona kulikoni, akakaa nao, na Fundi akawasikia wakinong'ona kama wanafunzi waliotolewa nje ya darasa.

Saa ilipolia, ikabaki kazi ngumu kuliko zote: bakuli la oveni, la kioo kizito, na mkono mmoja. Hilo alikuwa amelipanga tangu wiki iliyopita. Aliweka stuli mbele ya oveni, juu yake ubao, kimo kimoja na kile chuma kilichobeba bakuli. Akalishika bakuli kwa ndoana ya waya aliyoikunja mwenyewe, akalivuta polepole. Liliteleza vizuri hadi katikati, kisha kona moja ikakwama, bakuli likainama, na kipande kikubwa kama kiganja kikamwagika ubaoni. Bila kufikiri, Fundi alilikinga kwa kifundo cha mkono uleule. Ngozi ikaungua. Alisaga meno, hakuachia, mpaka bakuli likatulia ubaoni.

Akatoa mnyororo.

Nesi aliingia akaangalia jiko kwanza. Limezimwa. Halafu akaona mkono.

"Umeungua."

"Nimeungua. Wapishi huungua."

Nesi alimshika mkono, akauweka chini ya bomba, maji yakatiririka kwa muda mrefu. Fundi alimwachia, maana kwenye hilo Nesi ndiye aliyekuwa fundi. Walisimama bega kwa bega wakitazama maji.

"Sihami," Fundi alisema.

"Baba."

"Chumba ulichokipaka rangi nitakuja kulala nikiumwa, au nikikukumbuka. Kuhama, sihami. Kama unataka, weka king'ora cha moshi, weka viwili. Mshonaji ana ufunguo. Nitabandika sufuria nikiwa nimesimama. Zaidi ya hapo hatuna mazungumzo."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, koleo ninazo nne."

Kitinda alikuwa amekwishakata vipande na kuvitia sahanini. Oti zilikuwa zimeshika rangi ya kahawia juu, laini ndani, zabibu zimevimba. Mshonaji alisema mdalasini umezidi. Kitinda akasema umezidi kweli, akaongeza kipande. Nesi alikula kwa kichwa kilichoinama, kijiko kwa kijiko, na alipofika nusu akalazimika kukiweka chini na kukaa kidogo na kitambaa machoni. Fundi alimsogezea chai.

Baadaye Nesi alitoa simu yake, akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Unamwandikia nani?" Fundi aliuliza.

"Mwenye nyumba. Nilishamgusia jana usiku kwamba unaondoka."

"Soma."

Nesi alisoma: "Habari za sikukuu. Samahani kwa usumbufu, baba hataki kuondoka."

"Futa hilo 'hataki'," Fundi alisema. "Hataki ni maneno ya mtoto anayekataa kuoga. Andika haondoki."

Nesi alimtazama baba yake katika ovaroli iliyopauka, unga wa karafuu kwenye nyusi, mkono mmoja umefungwa bendeji na mwingine umelala magotini. Akafuta neno, akaandika jingine, akatuma. Kisha akachukua kijiko akakwangua ubaoni kile kipande kilichomwagika, akakila hapohapo, amesimama.