Sikio la Kushoto la Mshauri

Mshauri nasaha alikuwa na chumba juu ya duka la dawa: viti viwili, feni, na dirisha lililogoma kufunguka. Kila Alhamisi alimpokea mkunga mstaafu aliyeishi kwa mwanawe. Mkunga alivua viatu mlangoni, akaketi, akazungumza hadi muda ukaisha.

Siku moja hakuinuka.

"Mwanangu, saa moja hainitoshi," alisema. "Nikirudi nyumbani naongea na sufuria. Niazime sikio."

Mshauri akafikiri kidogo. Akalichomoa sikio la kushoto taratibu, kama mtu anayevua hereni, akalifunga kwenye leso safi.

"Usiliweke karibu na jiko, mama."

"Nimepokea vichanga maisha yangu yote. Sikio ndilo litanishinda?"

Msimamizi wa mshauri hakupendezwa. "Kazi yetu ni kutega sikio," alisema, "si kuligawa. Akija mwingine akataka mguu?"

"Nitamkatalia. Mguu nautumia."

Msimamizi aliona hoja hiyo ina mashiko. Akamsihi tu asije akalitoa na la kulia.

Tangu hapo mshauri, awe sokoni au anafua, alisikia habari za mapacha waliozaliwa kwenye foleni ya maji, na za marehemu mume aliyekoroma kama trekta. Alisikia na mengine. Mkunga akiuliza, "Umerudi, baba?" mwanawe hakuitika, televisheni iliwashwa. Wageni wakija, mkwe aliwaambia, "Msihangaike kumsemesha. Mama hasikii."

Mshauri akamwita yule mwana. Alikuja, mpole, simu mkononi.

"Nakushukuru sana, dada," alisema. "Siku hizi mama hatusumbui kabisa."

Akaaga, akaenda zake.

Alhamisi mkunga alilirudisha sikio, limepanguswa na kupakwa mafuta. "Ahsante, mwanangu. Nalala kama mtoto aliyenyonya akashiba."

Mshauri alilishika kiganjani kwa muda. Kisha akalifunga tena kwenye leso, akamrudishia.

Kesho yake asubuhi, akinywa chai, alimsikia mkunga akimtakia mwanawe kazi njema. Mlango ukafungwa. Halafu sauti ikasogea karibu kabisa:

"Haya, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mama," mshauri akajibu, ingawa sikio halina mdomo, akasogeza kikombe pembeni ili asikilize vizuri.