Kigeu Kisichogeuka

Ofisini walimwita Profesa. Chuo kikuu aliishia kukiona getini, lakini jina hilo hakulikanusha hata siku moja, kwa kuwa kila mgeni aliyeingia kazini alifundishwa na yeye. Kwa hiyo meneja alipotangaza kwamba mfumo mpya wa kliniki utaandikwa kwa lugha ya funksheni, aina ya lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na kwamba atakayefanikisha onyesho mbele ya mteja ndiye atakayeongoza timu, Profesa alicheka kimoyomoyo. Lugha ngapi amezimaliza, sembuse hiyo?

Somo la kwanza tu likamtoa jasho. Lugha yenyewe haikuwa na vitanzi, ile mbinu ya kurudiarudia kazi aliyoizoea kuliko viatu vyake. Tena kigeu, lile jina la kuhifadhia thamani ndani ya programu, ukishakipa thamani, basi, hakigeuki mpaka kiama. Tangu lini kigeu kikakataa kugeuka? Alimlalamikia mkewe mezani, naye akasema hata yeye aliolewa na mtu wa namna hiyo. Profesa akaendelea kula.

Wa kumuuliza alikuwepo. Dada aliyekaa dawati la jirani, ambaye Profesa mwenyewe ndiye aliyempokea kazini, aliijua lugha hiyo vizuri. Lakini mwalimu amuulize mwanafunzi? Akajifungia chumba cha mikutano na video zake, akatoka ameongoka, na mtu aliyeongoka karibuni hana breki. Akawa anahubiri usafi wa funksheni, ile isiyogusa kitu nje yake, kwenye foleni ya chai, anasahihisha watu wasiomuuliza kitu, kwa maneno aliyoyajua jana yake.

Siku ya onyesho, daktari mkuu wa kliniki na wenzake waliweka simu zao mezani. Programu ya Profesa ilitakiwa kuwatumia ujumbe wa kuwakumbusha miadi, kama ambavyo ingewatumia wagonjwa. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena, akatabasamu, akausingizia mtandao, na mtandao wa watu haukuwa na kosa lolote. Daktari akauliza kwa upole kama wangoje.

Dada akaomba kuona skrini. Lugha ile ni mvivu kwa makusudi, akaeleza: haifanyi kitu mpaka matokeo yake yaombwe. Profesa alikuwa ameandaa kila ujumbe kwa ustadi mkubwa, halafu hakuna mahali alipoomba utumwe. Dada akaongeza mstari mmoja, simu zote zikalia kwa pamoja. Meneja hakuhitaji kufikiri sana kuhusu uongozi.

Wageni walipoondoka, dada akamwambia Profesa kwamba lile kosa alikuwa ameliona mapema, alipopitia kazi yake. Profesa akahisi masikio yanawaka.

"Uliona, ukanyamaza?"

"Sikunyamaza, Profesa. Nilikuandikia. Ukanijibu, 'Soma kwanza, mdogo wangu.'"

Alitaka kubisha, lakini maneno hayo aliyatambua kuwa yake, mpaka na ule mkato. Aliona aibu, aibu hasa, ile inayomfanya mtu mzima aangalie sakafu. Kisha akavuta kiti chake hadi dawati la kiongozi wake mpya, akakaa.

"Nifundishe," akasema.

Dada akamuuliza amepotelea wapi. Profesa akafungua mdomo atoe maelezo marefu kama kawaida yake, akaufunga, kisha akasema hajui.