Dakika Saba za Simu ya Upepo

Ukungu ulipopasuka kidogo nikawaona: askari kumi na wawili, Abdallah mbele yao, wakipanda kilima ambacho mizinga yetu ingekipiga saa nne kamili. Walikuwa wamepotea njia. Saa yangu ilionyesha saa nne kasoro dakika saba.

Ilikuwa mwaka 1943, siku ya mazoezi ya mwisho juu ya kijiji cha Lukozi kabla ya kupelekwa vitani ng'ambo. Mimi nilitoka chuo cha ualimu nikakabidhiwa simu ya upepo, ile isiyo na waya, na niliipenda kama kitabu kipya. Abdallah ndiye aliyenifundisha kufunga buti siku yangu ya kwanza kambini.

Niliwaita wapiga mizinga kwa simu. Ikakoroma tu.

"Mwalimu," alisema Saidi, mkulima wa hukohuko niliyepangiwa anibebee betri, "mizinga ipo hapo ng'ambo ya bonde. Niache niite kwa mdomo."

"Tumekatazwa, kaka Saidi. Askari hapigi kelele porini."

"Mke wangu huniita kutoka kilima kile nije kula ugali. Sijawahi kukosa ugali."

"Simu itashika sasa hivi."

Nilifuta unyevunyevu, nikazungusha swichi, nikabadilisha betri. Dakika nne. Dakika mbili. Nilikuwa bado nimeinama nilipousikia mlio wa mzinga, kisha ardhi ikatetemeka chini ya magoti yangu.

Saidi alisimama, akaweka viganja mdomoni. "Selemaniii!" Alilivuta jina la mpiga mzinga, kijana wa kijijini kwao, hadi likagonga kilima na kurudi. Akasubiri, kama watu wa milimani wanavyosubiri mwito uishe, ndipo akatupa maneno matatu manne ya Kishambaa, kwamba wasipige tena. Kutoka ndani ya ukungu mtu akaitikia. Kombora la pili halikupigwa.

Tuliteremka mbio, tukapanda kilima walikokuwa. Kumi na mmoja walikuwa wamelala kifudifudi, wazima. Abdallah alikuwa amekaa, anapapasa majani, anatafuta buti lake. Nililiona kabla yake. Mguu ulikuwa bado ndani.

Nilimfunga paja kwa mkanda wa simu.

"Yohane," alisema polepole, "mlikuwa kule juu. Hukuniona?"

Ningeweza kuusingizia ukungu.

"Nilikuona," nikasema. "Nilikuona dakika saba nzima."

Akafumba macho, lakini akaushika mkono wangu asiuachie.

Saidi alikuwa tayari anaita vijijini waje na machela. Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka. Nikamwomba anipe maneno hayo ya Kishambaa. Akanitamkia taratibu, mara mbili. Nikaweka viganja mdomoni, nikaita hadi koo likauma, nikanyamaza, nikasubiri.

Mwanamke mmoja akaitikia kutoka chini. Kisha mwingine, mbali zaidi.