Mkebe wa Tano

Polisi wa dirishani aliirudisha karatasi mara ya tatu bila kuinua macho.

"Andika majina kwa Kijapani."

"Nimeandika, afande."

"Lako, ndiyo. La marehemu umeliacha kwa herufi zenu za Kikorea. Nenda nyuma ya foleni."

Pyo Duman alimeza hasira, akaenda nyuma. Alichotaka ni ruhusa ya kuchukua kipande cha filamu, urefu wa mkono tu. Mwenye ukumbi wa sinema alikuwa ameuza mikebe yote saba ya filamu hiyo kwa karakana ya kofia nje ya lango la mashariki, maana siku hizi filamu zinasema zenyewe na hizi bubu hazina mteja. Msimamizi wa karakana alisema wazi: bila muhuri wa polisi hampi mtu hata unyuzi.

Kwa miaka kumi na mmoja Duman ndiye aliyekuwa sauti ya filamu ile. Alisimama kando ya pazia la sinema akasema kwa niaba ya muuza makaa, mkewe, mbwa wao na hakimu. Katika onyesho moja tu, la kuvuka kijito, mke wa muuza makaa alikuwa Okdan, mkewe mwenyewe, fundi cherehani wa waigizaji wa filamu hiyo, aliyesukumwa mbele ya kamera siku mwigizaji alipougua. Okdan alikufa kwa kikohozi majira ya baridi. Hakuwahi kupigwa picha nyingine. Duman aliogopa, na aliogopa kweli, kwamba sura ya mkewe ilikuwa imeanza kumtoka kichwani.

Muhuri ulipigwa saa sita. Nauli ya tramu ilikuwa imepanda tena, akaenda mbio kwa miguu.

Karakanani wanawake walizunguka masufuria ya maji moto yenye magadi. Filamu ilizamishwa, ikasuguliwa, picha zikatoka kama tope, kikabaki kitu cheupe cha kung'aa cha kukatwa kuwa pindo za kofia.

Msimamizi, Maeng, aliutazama muhuri. "Haya, mzee. Kata chako. Kipi?"

Duman aliangaza macho huku na huku, asijue mkewe yuko wapi. Tepe zilining'inia kwenye kamba kama nguo, picha zake ndogo kama ukucha. Miaka yote ile alisimama akiwatazama watu, si pazia, ili ajue wanalia wapi anyamaze kidogo. Mkewe alipita pembeni mwa jicho lake usiku baada ya usiku, naye hakugeuka.

"Mkeo humjui?" Maeng akacheka. "Ulioa kwa barua?"

Wanawake nao wakacheka. Duman akashika ncha ya utepe wa kwanza, akauelekeza dirishani, akaanza kusimulia kwa sauti yake ya zamani. Maneno hakuyasahau. Maneno ndiyo yangemfikisha kwa mkewe.

Kicheko kikafa. Akamaliza mkebe wa kwanza, wa pili, hadi wa nne, akiruka sehemu nyingine, utepe ukikimbia. Kwenye sufuria lililo karibu, mama mmoja aitwaye Bongnye aliacha kusugua.

"Mkebe wa tano," Duman alisema. "Mumewe amefungwa. Alfajiri anatoka na mtungi kichwani, anafika kijitoni..."

Utepe mkononi mwake ulikuwa mweupe. Akavuta zaidi. Mweupe. Akavuta mpaka mwisho.

"Huu mmeuosha lini?"

Bongnye aliitazama mikono yake iliyobabuka. "Leo, mzee. Saa nne hivi."

Saa nne alikuwa kwenye foleni, akiandika jina la Okdan upya.

"Basi, sinema imekwisha," Maeng alisema. "Rudini kazini, maji yanapoa!"

Hakuna aliyeinama.

"Mzee," Bongnye aliuliza, "alivuka?"

Duman aliuachia utepe ukaanguka sakafuni. Akawageukia wale wanawake, kama alivyozoea, akakaza mgongo.

"Maji yalimfika magotini," alisema. "Ya baridi, jamani. Mtungi ukayumba..."

"Nitawakata mshahara!" Maeng alifoka. "Wote!"

Wakakaa vilevile, mikono juu ya aproni, mpaka Okdan alipofika ng'ambo.